Daftari la Kamba Sita

Kamba sita nilizinunua Ngamiani kwa pesa za kikundi.
Mwenye duka alinitania: "Za kufungia, au kamba wa kukaanga?"
Nikamjibu, za kuulizia.
Hakunielewa. Wala mimi sikuwa nimejielewa bado.

Kila kamba vichaza ishirini, wachanga,
ndani ya vifuko vya nyavu kuukuu alivyoshona Mwanjaa,
tukazitundika mahali sita mlangoni mwa Zigi,
kila mmoja wetu akiapa kwamba pake ndipo.
Ya kwanza mbele ya diko, alipopataka shemeji yangu Mbaruku:
karibu, pakavu, mwizi anaonekana.

Semhando wa uvuvi alikuja na kipimo chake,
tone moja la maji, jicho moja kalifumba:
"Ishirini na nane kwa elfu."
Mimi nikalamba kidole.
"Kama mchuzi ulioongezwa maji mgeni alipobisha hodi."
Tukaandika yote mawili.

Kiangazi kizima kamba zilituongopea.
Mto ulikuwa mnyonge, bahari ndiyo mwenye nyumba,
kila pahali palikuwa pazuri,
nasi tulikwisha kugawana faida kwa midomo.

Kisha masika.
Siku tisa maji yalishuka na rangi ya chai ya maziwa,
na magogo, na kandambili moja ya mtoto,
na harufu ya mkonge kutoka huko juu.
Kamba ya tatu, ya ukingoni pa michu, tuliyoisifu sana,
tuliinyanyua: ishirini wote vinywa wazi,
kama darasa linaloitikia mwalimu.
Sauti hakuna.
Tano kwa elfu. Ulimi wangu haukuonja kitu.

Ya pili ilikuwa chini ya tope; tuliivuta kama jino.
Ya tano, konokono.
Kila gombe na kitundu chake kimoja, safi, cha sindano.

Ila ya kwanza! Walikuwa wanono,
wamejaa makombe yao mpaka pomoni.
Mbaruku akapiga kofi moja tu, la ushindi.
Semhando hakusema. Alitazama mfereji
unaotoka nyuma ya vyoo vya soko,
nasi tukautazama, tunaoupita kila siku.
Chaza hachagui kinywaji. Anachuja, anaweka.
Yale tuliyoyamwaga usiku
yangeturudia mezani na ndimu na pilipili.

Na ya sita, kwenye miamba ya chaza wa kale,
vifuko vilipambwa na mbegu mpya, zimeshikana kama chembe za mtama.
Mwanjaa alilia kuambiwa hapana.
Lakini mbegu za mlango mzima zinatoka pale;
tukisimika vichanja, miguu yetu wenyewe itawakanyaga mama zao.
"Jikoni kwa mzazi hapajengwi," alisema mwishowe,
akifuta kamasi kwa kanga, bado amekasirika.

Ikabaki ya nne.
Kwenye kiwiko cha kijito, mbali, tope hadi mapajani,
pa kufika maji ya bamvua yakipwa tu,
pasipo mtu aliyepataka, wala mimi.
Mkondo unapita pale bila haraka.
Chini pana changarawe, mguu unaigundua kabla ya jicho.
Siku ya tisa ya gharika: kumi na nne kwa elfu.
Hai kumi na watatu. Si wanono.

Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Na bahari ya chaza ni hatua ngapi?
Nimezipima kwa kamba yenyewe: arobaini, mbele yake pabaya, nyuma yake pabaya.

Mbaruku hanisalimii tangu hapo.
Wale wanono niliwafukia mwenyewe, mmoja mmoja,
mbali na mikono ya watoto,
na nilitamani, siwezi kuficha, walinukia vizuri.

Vichanja vinne, siyo kumi. Ndivyo tulivyokubaliana.
Ukurasa wa kamba ya nne nimeuandika nusu.
Nusu ya chini nimeiachia masika yajayo,
nayo haijui kusoma.