Kiinua Mgongo

Walinilipa kiinua mgongo mwezi wa tano,
baada ya miaka thelathini na miwili ya wodi ya wazazi,
na wanangu wakapiga simu, kila mmoja na hesabu yake:
Mama, jenga fremu pale barabarani, Tengeru inakua.
Mama, nunua bajaji, kijana akuletee hesabu kila jioni.
Nikasema nitafikiria.
Nikaenda Usa River kumwona mtoto wa mke wa mtunza farasi,
nikarudi na farasi.

Na si farasi wa kujivunia.
Mgongo umebonyea katikati kama kitanda cha kamba,
jicho la kushoto limeingia ukungu,
na pale tandiko lilipokaa miaka yote
manyoya yameota meupe, kovu lisilo na damu.
Aliwabeba wageni kuzunguka mashamba ya kahawa,
wanaojua kupanda na wasiojua,
mpaka goti likakataa.
Jumatatu, waliniambia, anakuja mtu wa nyama ya mbwa.
Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.
Jina lake Kapteni. Cheo anacho, pensheni hana.

Kilomita nane tulizitembea kwa saa nne,
watoto nyuma yetu wakishangilia: Punda mkubwa! Punda mkubwa!
Mzee Nnko alikuwa kwenye uzio wa masale, kama kawaida yake.
"Mama Aikande, fadhila ya punda ni mashuzi."
"Huyu ni farasi."
"Basi," akasema, "yatakuwa makubwa zaidi."

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo,
akakaa kimya kama anayesoma barua ya zamani.
Ishirini na saba, au zaidi. Magego yamekwisha.
Usimpe mabua makavu, atapaliwa.
Basi kila jioni naloweka pumba kwa maji ya uvuguvugu,
nakwangua karoti zile zenye miguu miwili
ambazo sokoni hakuna anayezitaka,
naonja kwa kidole kama haiunguzi.
Anakula taratibu, nusu inamwagika.
Kuku wangu wamenenepa.

Wiki za kwanza alikwenda getini kila alfajiri,
saa kumi na mbili kamili, akasimama kichwa chini
akisubiri tandiko.
Sikumcheka.
Saa kumi na moja mimi nilikuwa macho,
nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vyeupe miguuni,
nikisubiri zamu.
Hakuna aliyetufundisha kuacha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaandika, muhuri upo:
Farasi huyu hauzwi. Haazimwi. Hatolewi mahari.
Akinitangulia, azikwe kwenye migomba.
Nikimtangulia, fremu jengeni,
ila jengeni mkimzunguka.
Mwenyekiti akashusha miwani.
"Na kazi yake hapo kwako ni nini?"
"Kuzeeka," nikasema.
Akagonga muhuri wa pili, sijui kwa nini.

Kisha asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio,
Meru wote umemezwa na ukungu,
nikatazama getini: patupu.
Nilikimbia na kanga moja.
Nikamkuta chini ya mparachichi, amelala ubavu,
miguu imenyooka, shingo kwenye umande,
jinsi wanavyolala waliokwisha.
Nikapiga magoti, nikaweka kiganja mbavuni
kama nilivyokiweka kwa vichanga waliochelewa kulia,
nikahesabu: moja. Mbili.
Ya tatu ikakawia.

Akajamba.
Kwa kirefu, bila haraka, kama mzee aliye nyumbani kwake,
na akaendelea kukoroma.
(Farasi hawalali hivyo, daktari alishaniambia,
mahali wanapoogopa.)

Nilicheka mpaka Mzee Nnko akaja na panga mkononi,
akidhani ni kilio.
"Kuna nini, Mama Aikande?"
"Nimelipwa," nikamwambia.
Hakuelewa. Alikuwa ananitazama miguu,
na mimi nikaitazama pia:
ilikuwa peku, imejaa tope,
na saa ya zamu ilikwisha kupita.