Karanga za Mwalimu Ndahani

Haikuwa kwenye muhtasari wa somo.
Aliingia na karanga ndani ya kofia,
akachora Japani kwa chaki iliyobaki ukucha:
kisiwa kilichopinda kama mundu,
na vingine vidogo, kama cheche mtu akinoa.

"Hapa," alisema, "kwa miaka mia na ushee
kila kilima kilikuwa na bwana wake,
kila bwana na ngome, na mpunga, na watu wa kumfia.
Mfalme alikuwepo. Paa lake lilivuja,
akauza mwandiko wake apate chakula."

Ilikuwa Oktoba, Mvumi. Upepo ulikwangua bati.
Hatukuwa tumekula. Hilo halikuandikwa ubaoni.

Karanga kumi kumi, kila dawati jimbo.
Ukimshinda jirani, chukua zake.
Unaweza kula kiapo na kukivunja,
ila karanga usile.

Masima akamwoza jirani dada yake,
dada wa kuchorwa kwenye karatasi ya daftari,
mke na mateka kwa wakati mmoja.
Mimi na Sechelela tulikuwa jimbo dogo la mwambao.
Tuliisha kabla sijamaliza kutaja jina letu.

Sajilo ndiye aliyetutisha.
Alinunua bunduki, yaani kalamu mbili za wino,
kwa wageni waliotupwa ufukweni na dhoruba,
akachoma hata nyumba za watawa.
Nusu ya darasa ilikuwa yake
alipochomwa mgongoni na mwenzake wa dawati,
saa ya uji, uji ambao haukuwepo.

Akasimama Lechipya, mbeba kandambili wa Sajilo,
mtoto wa mchunga mbuzi, mdomo mtamu.
Huyu alishinda kwa kuahidi.
Kisha akapita akikusanya rula zetu zote:
"Nitazifanya misumari ya sanamu takatifu.
Mkulima ana haja gani na upanga?"
Tukampa. Tulikuwa tumechoka.
Akataka kuvuka bahari hadi darasa la sita B;
akarudi na sikio jekundu,
akaugua, akafa, akimwachia mdogo wake karanga themanini.

Na nyuma kabisa, karibu na ufa wa ukuta,
Chilongani.
Hakushambulia mtu tangu tuanze.
Aliinama tu, akihesabu zake kwa kidole,
akimwitikia kila mshindi, "Ndiyo, bwana,"
mpaka mdogo wake Lechipya alipopiga mwayo.

Mkupuo mmoja. Nchi ikawa moja.
"Ndivyo," alisema Mwalimu, sauti imeshuka,
"na amani ikakaa miaka mia mbili na zaidi."

Nikanyoosha mkono. Bibi yangu husema
hata Ugogo kila kilima kilikuwa na mtemi wake,
na mawe yake ya mvua, na hongo yake;
misafara ililipa nguo ili inywe maji.
Sisi, mwalimu, alituunganisha nani?

Alitazama nje, kengele yetu,
kipande cha reli kinachoning'inia mkwajuni.
"Kuna kuungana," alisema,
"na kuna kufungwa kamba moja."
Hakusema sisi ni wapi.

Ndipo tukasikia: ka. Ka. Ka.
Chilongani alikuwa anaitafuna Japani.
Majimbo ya kaskazini yalishakwisha,
mji mkuu ulikuwa kwenye shavu la kushoto,
na machozi yanamtoka, na hawezi kuacha.

Hatukucheka. Wengine tulimeza mate.
Mwalimu hakushika fimbo.
Alichuchumaa akaokota maganda, moja moja,
akayatia kwenye kofia, akasema polepole,
si kwetu hasa,
"Zilikuwa mbegu."

Mvua ilinyesha Januari, kwa siku chache.
Nyuma ya nyumba yake, shamba lote,
uliota mstari mmoja wa karanga;
na kila Jumamosi, bila kuitwa,
mtawala wa Japani alikuja na jembe la mama yake,
akapalilia, akaondoka bila kuaga.