Dereva wa Badala

Saa saba usiku, Busan, simu inatetemeka
mfukoni mwa Mok Byeong-cheol: mlevi mmoja, kilomita kumi na nne,
gari lake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe.
Cha Byeong-cheol ni mguu wa kukanyaga mafuta.

Anavuta kiti mbele. Kila gari lina urefu wa mtu mwingine.
Vioo anavigusa kwa adabu,
kama mgeni anayefunua chungu cha watu.

Nyuma, mwenye gari anakoroma, mara anashtuka:
"Wewe, kabla ya hii ulikuwa nani?"

Kabla ya hii.
Miaka kumi na tisa alichomelea meli kule Geoje;
meli zikaenda zao,
naye akabaki na kovu la cheche shingoni.
"Nilikuwa dereva," anajibu. Uongo mfupi haukawizi safari.

Fomu ya shule ya binti, penye *kazi ya baba*,
mkewe alishika kalamu kitambo, kisha akaandika: anajitegemea.
Neno zuri. Ukilitikisa, zinalia sarafu mbili.

Gari limeegeshwa. Funguo zimerudi kwa mwenyewe.
Nyota nne; ya tano sijui ameizuia kwa lipi.
Basi la kwanza ni saa kumi na moja.
Aliyefikisha watu saba usiku huu
hana wa kumfikisha.

Nje ya duka lisilofungwa, watatu wa kazi hiihii
wanapuliza tambi za moto, macho kwenye skrini.
Hakuna anayeuliza jina.
Mmoja anajisogeza,
benchi linapata nafasi.