Mizani ya Ulaangom

Mizani yetu ililetwa kwa lori kutoka mji mkuu,
siku mbili na nusu juu ya changarawe,
na tangu hapo ina tabia yake:
baridi ikizidi, huongeza gramu mia tatu.
Mimi huzitoa kichwani, kimya kimya,
kama mke anayemjua mumewe.

Hesabu yenyewe si ngumu.
Chukua kilo, gawa kwa kimo chako kwa mita,
kisha jibu uligawe tena kwa kimo kilekile.
Chini ya kumi na nane na nusu, umepungukiwa.
Ukifika ishirini na tano, umezidi.
Thelathini, naandika kwa kalamu nyekundu.
Pale katikati kuna neno ambalo kila mtu analitaka,
kawaida,
na wengine huvua buti, koti, hata hereni
ili walifikie.

Alhamisi ile aliingia Tumursukh, mwanamieleka,
akainama mlangoni,
shingo pana kuliko kichwa.
Kilo mia moja na kumi na nane.
Mita moja na sentimita themanini na moja.
Thelathini na sita.
Nikashika kalamu nyekundu, nikairudisha.
"Mnene kupindukia," nikamsomea, maana ndivyo jedwali lisemavyo,
naye akacheka hadi mikasi ikalia kwenye sinia.
Mizani haibonyezi nyama kwa kidole.
Haijui kipi ni msuli na kipi ni siagi.
Nikamzungusha kiuno utepe wa mshonaji,
nikampima shinikizo la damu,
nikamwambia: utanitafuta siku utakayoacha mieleka
na tumbo likakataa kupewa habari.

Nyuma yake alisimama babake, Dashnyam,
mzee aliyekula chumvi nyingi
na nyingine bado anainywa ndani ya chai.
Kilo sitini na nane. Mita moja na sabini.
Ishirini na tatu na nusu.
"Kawaida!" nikasema kwa sauti,
nikamsifu mbele ya foleni nzima,
nikamwambia mwanawe, mtazame baba yako.
Mzee akatabasamu kwa adabu
kama mtu aliyekabidhiwa zawadi ya jirani.

Ni alipovaa joho lake tena ndipo nilipoona.
Mkanda ule wa hariri ya manjano,
ninaoujua tangu harusi ya dada yangu,
ulikuwa ukimzunguka mara nne
na ncha yake ikichomekwa kwa taabu.
Sasa ulizunguka mara nne,
na kilichobaki kikaning'inia hadi gotini.

Nikafungua daftari la vuli iliyopita.
Dashnyam: themanini na tatu.
Ishirini na nane na ushei.
Na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *apunguze.*

"Umepunguza vipi, mzee?"
"Sikupunguza mimi. Zimeondoka zenyewe.
Nyama ina ladha ya chuma tangu kondoo walipozaa."

Basi kawaida yake ilikuwa kituo tu cha njiani.
Alikipita akiteremka,
nami nilisimama kando ya barabara
nikimpungia mkono.

Jioni ileile Tumursukh alimketisha kwenye jipu,
akamfunika blanketi mbili ingawa ilikuwa Juni,
wakaishika njia ya hospitali kubwa.
Alimbeba kwa mkono mmoja.
Sikupenda kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nami nikachukua rula
nikachora safu mpya daftarini, kushoto kwa ile ya jibu.
Juu yake nimeandika: *Mara ya mwisho ilikuwa ngapi?*
Na chini, kwa herufi ndogo: *tazama mkanda.*

Ofisi ya mkoa imeandika barua kuuliza
safu hiyo imetoka katika mwongozo gani.
Sijawajibu.
Leo foleni imefika hadi uani,
na mizani imeamka na gramu zake mia tatu.