Dakika ya Thelathini na Moja

Mimi ndiye niliyeshika kibao cha kubadili wachezaji,
ubao mtupu, namba kwa chaki.
Kazi ya refa wa nne: kusimama, kutazama, kutosema.
Arua, Jumamosi, vumbi limetulia kidogo
kwa manyunyu ya asubuhi.
Timu ya kambini ilikuja juu ya lori la mahindi,
wachezaji kumi na mmoja, viatu jozi tisa.
Kipa na beki wa kushoto walicheza na soksi.

Kipa ni Gatwech. Miaka kumi na saba,
mtambaa panya anaugusa bila kuruka.
Alipoidaka penalti ya Oli
upande wa kibanda cha chapati ukalipuka:
Makaa! Makaa! Rudini kwenu, makaa!
Kisha likaruka kaa lenyewe, limetoka jikoni,
likampiga begani, likaacha alama
ambayo wenye kucheka walisema haionekani.

Niseme kweli: nilicheka.
Si sana. Pumzi tu, puani.
Mimi Khemis, Mnubi wa hapa hapa Oli,
niliyezaliwa hatua mia kutoka goli hili
na bado karani ananiuliza, "Lakini kwenu hasa ni wapi?"
Nilicheka, maana siku hiyo haikuwa zamu yangu.

Drateru hakucheka.
Siku za juma anauza nyanya; Jumamosi ni refa,
filimbi kaifunga kwa uzi wa kushonea magunia.
Akaipuliza. Si ile fupi ya faulo.
Ile ndefu, ambayo hata mbuzi huinua kichwa.
Akatembea hadi golini,
akaliokota kaa, akalitia mfukoni
pamoja na kadi zake, ya njano na nyekundu,
akarudi katikati ya duara, akaketi chini
kama mtu aliyezoea foleni ya hospitali.

"Mpira! Mnatula hela zetu!"
Hakuna aliyekuwa amelipa hata shilingi.
Mwenyekiti wa ligi akaja na simu zake mbili:
"Mama, huu ni utani wa uwanjani."
"Utani huwa wa watu wawili," akasema.
"Nenda kamuulize kipa kama yumo."
Mwenyekiti akatazama simu moja, kisha ya pili.
Hakwenda.

Robo saa nzima.
Ndipo Onzima, nahodha wa Oli, yule aliyekosa penalti,
akavua viatu vyake, akampelekea Gatwech.
Havikumtosha; mguu wa yule kijana ni namba nyingine kabisa.
Akaviweka pembeni ya mlingoti,
na Onzima naye akamaliza mechi na soksi.
Sare. Bila bila.
Aliyerusha hakujulikana, au alijulikana sana.

Fomu ya ripoti ina visanduku vinne:
Ngumi. Mvua. Mashabiki kuvamia. Refa kuchelewa.
Drateru akaigeuza upande mweupe,
akatoa kaa, akaandika kwa herufi kubwa:
KIPA ANA JINA.
Chini yake akaliandika jina.
Kisha akaninyoshea lile kaa. "Shahidi?"

Nilisimama pale na kibao changu.
Alikuwa ameisikia ile pumzi, nadhani.
Hakunikumbusha. Alinyosha mkono tu,
na mkono haukurudi mpaka nilipotia sahihi.
Usiku nilikula ugali kwa kidole cheusi.

Kamati iliirudisha ripoti: haikuandikwa kwa wino.
Drateru akaiandika upya, kurasa saba.
Ikarudi: haina mhuri. Akaenda kuutafuta mhuri.

Msimu huu fomu zina kisanduku cha tano,
kimechapwa upande, mashine imekikata nusu,
na hakuna aliyekumbuka kukipa jina.
Bado nashika kibao.
Kalamu ninazo mbili mfukoni, moja ya akiba.