Nusu ya Deni

Unga wa kwanza ni mweupe. Bi Somoe anaujua kwa kucha:
ndio uliomo kwenye piko aliyompaka bi harusi wa Kiduni
wiki iliyopita, mkono ukavimba.
Wa pili ni wa njano, njano ya ua la mbaazi,
umelala kabatini tangu mkuu wa shule aliyehama.
"Msiguse. Mtaukumbuka utomvu wa korosho."

Anayeyusha kila mmoja peke yake katika spiriti:
huu maji matupu, huu chai ya mgonjwa.
Kisha anawakutanisha.

Zambarau nzito inashuka ndani ya kioo
kabla hajamaliza kumimina.

Si rangi ya huyu. Si rangi ya yule.

Abilahi Mnyachi ameleta boksi la viatu na CD iliyokwaruzwa,
kakata mwanya kwa wembe, kauelekeza dirishani,
Newala nzima ikaingia mle kama upinde wa mvua.
Anasogeza kioo mbele ya mwanya:
njano imeliwa, kijani imeliwa,
pengo kama la jino.
"Nani kala, Bi?"

"Mtoaji ana elektroni yake, hajaitoa.
Mpokeaji kanyoosha mkono, hajaipata.
Mwanga ukipita unalipa nauli, elektroni inaruka,
inagusa ng'ambo, inarudi.
Hilo pengo ndiyo nauli."

Kijana anacheka peke yake. Kangomba anaijua:
baba yake aliuza korosho zikiwa bado ua,
gunia likawa lake na si lake
hadi siku ya mnada.

Asubuhi, punje nyeusi zimeganda kwenye kisahani.
Umeme umekatika. Kuna betri mbili za tochi
na mita ya fundi redio.
Sindano imelala.

"Wamepangana mtoaji, mpokeaji, mtoaji, mpokeaji,
kila mmoja kamshika jirani yake. Hapiti mtu.
Ziko punje nyingine, sijawahi kuziona,
watoaji safu yao, wapokeaji safu yao,
na deni limesimama nusu.
Lisipokopwa, umeme haupiti.
Likilipwa lote, haupiti vilevile."

Abilahi anaipasha punje kwa pumzi,
kwa viganja, mwisho kwa kibatari.
Sindano inanyanyuka
unywele mmoja.

Hakuna anayepiga makofi. Bi Somoe anaandika namba kwa penseli,
anaifuta, anaiandika ileile.
Kidole chake cha shahada kina doa
lisilotoka mpaka ukucha ukue.