Hatari Yangu Imepanda

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Julai, soko la Kenia.
Mikate mia mbili na arobaini nyuma ya kiti changu,
ya kantini tatu na shule moja,
bado moto, vioo vyote vimejaa pumzi yake.
Nikarudi nyuma kidogo,
kidogo tu,
kama mtu anayesogea kwenye benchi ampishe mwenzake,
nikasikia: kwa!

Halikuwa gari. Hakuwa mtu.
Lilikuwa gunia la makaa juu ya baiskeli,
na nyuma ya baiskeli Mwepu,
aliyeisukuma usiku kucha kutoka njia ya Kasenga
bila kuikalia hata mara moja.

Taa yangu ikafa. Gunia likatapika barabarani.
Tuliokota pamoja, yeye kwa viganja, mimi kwa kikwembe,
tukiachia malori ya shaba yapite
na kurudi tena katikati ya vumbi lao.
Nikampa mikate miwili.
Vidole vyake viliacha alama nyeusi juu ya ganda,
akaula hivyo hivyo.
"Mama, tumemalizana," akasema.

Laiti ningekoma hapo.

Lakini mimi ni binti wa Kalenga, mpima mizigo wa reli,
na kwetu kilichovunjika husemwa kabla ya chakula.
Nikaenda ofisi ya bima, nikaomba kalamu,
nikaandika kwa herufi kubwa: NI MIMI NILIYERUDI NYUMA.
Taa, dola kumi na mbili.
Hawakuilipa. Walisema ni hasara ndogo mno kwao.

Januari ikaja na mvua zake na karatasi mpya.
Tisini na nne imekuwa mia moja sitini na moja.
Kijana mwenye tai, Kapend, jina limebandikwa kifuani,
akanisomea kwa upole, kama daktari:
"Mama, hatari yako imepanda."

Imepanda.
Kama unga. Kama homa ya mtoto saa nane za usiku.
Nikamuuliza: miaka kumi na moja sijagusa hata kuku,
miaka yote hiyo ilikuwa ikishuka?
Akatazama mashine yake, kisha mimi, kisha mashine.
"Haioneshi kushuka," akasema.

Nikahesabu kwa mikate, sina hesabu nyingine:
karibu asubuhi nane nzima, kuamka, kupakia, kushusha,
kwa ajili ya gunia lililokwisha kuokotwa.
Na jirani yangu Numbi
amegonga ukuta wa kanisa, nguzo ya umeme na mbuzi wa watu,
hakusema kitu,
karatasi yake ni nyeupe kama hostia.

Nililipa. Ningefanya nini?
Askari wa barabarani hawali maelezo.

Kapend akanisindikiza mpaka uani, mvua imekatika.
Gari lake pale, kioo cha ubavuni
kimefungwa kwa mfuko wa sukari na uzi wa kushonea viatu.
Akaona nimeona.
"Hiyo ni ya zamani," akasema.
Sikuuliza zamani ipi.

Siku hizi nikiwasha gari najitazama kwanza kiooni:
ndiwe huyo, hatari, uso una unga kwenye nyusi.
Watoto wa shule wananipungia mkono,
wananusa mkate, hawajapata habari.

Taa niliinunua kuukuu, kwa fundi wa Katuba.
Ni nyekundu kuliko mwenzake.
Ndiyo Mwepu anayonijulia nayo gizani, toka mbali;
huipeleka baiskeli yake pembeni, taratibu, kwa heshima zote,
anashikilia gunia kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo,
na kunipigia kelele, "Pita, Mama Hatari, pita!"
mpaka soko zima linacheka,
na mimi, mia moja sitini na moja,
napita.